Kulala kwenye hema Amani: pitieni Sigi kwanza

Ndugu, umeuliza kama wewe na wenzako mnaweza kutoka Tanga mjini Ijumaa jioni, mkapiga hema popote msituni Amani na kukoka moto. Kwenda nendeni, lakini popote hapana. Ule msitu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, uko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kambi ina maeneo yake. Mkipita Muheza, simameni getini Sigi, penye stesheni ya zamani ya reli ya Mjerumani. Lipeni kiingilio na ada ya kambi, mdai stakabadhi, mchukue na mwongozaji. Jioni mmechelewa, ondokeni asubuhi.

Kuni msikate. Bebeni mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu, ugali utaiva vilevile. Na yale maua madogo ya zambarau yaliyong'ang'ania miamba yenye kivuli, majani yake yana manyoya laini, yaacheni hapo hapo. Ulaya wanayapanda dirishani, kumbe kwao ni milima hii ya Usambara.

Halafu mvua. Usambara hainyeshi kwa kalenda, kwa hiyo turubai la juu ya hema ni lazima, na sweta pia. Spika ya muziki mwachieni shemeji.