Ukitaka jina lishike kwenye mkoba wa tanga

Mikoba inayoshonwa hapa Lamu kwa matanga makuukuu ya majahazi haikosi wateja, na siku hizi kila mmoja anataka jina juu yake: la mtoto, la nyumba ya wageni, la bibi harusi. Vinili ya kupiga pasi, yaani karatasi laini ya plastiki yenye gundi inayoshika kwa moto, huimaliza kazi hiyo upesi kuliko kutarizi. Likibanduka, watu hulaumu vinili. Mimi naanza kukilaumu kitambaa.

Tanga lililokaa baharini lina chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Lianike kutwa juani. Jioni ukilishika, limeshaanza kulowa tena. Ukilipiga pasi hivyo, ule unyevu unageuka mvuke chini ya vinili na gundi haipati pa kushika. Liloweke usiku kucha kwa maji matamu, umwage, urudie. Mimi huonja pembe ya kitambaa kwa ulimi, nyumbani wakanicheka wee, lakini sijapata kipimo bora. Dawa ya kulainisha nguo usitie, huacha utando. Kikoi kipya nacho kifue kwanza, kitoke wanga wa kiwandani.

Chomoa uzi mmoja uuchome. Ukiacha jivu, ni pamba. Ukijikunja ukawa kidonge kigumu, ni nailoni au jamaa zake, na hapo tafuta vinili ya moto mdogo.

Jina likatwe kinyume, kama lionekanavyo kwenye kioo. Tandika shuka iliyokunjwa juu ya meza ngumu. Kitandani hapafai, panabonyea. Weka pasi kwenye alama ya pamba, uzime mvuke, upige kwanza kitambaa kitupu. Kisha vinili, karatasi ya kuokea juu yake, ukandamize kwa uzito wa mabega huku ukihesabu hadi 15. Inua, hamia pengine. Usiburute. Pasi nyingi zina vitundu chini, na penye kitundu moto haufiki sawasawa, kwa hiyo rudia ukiwa umeisogeza kidogo. Wenye mashine ya kubana kwa moto huweka nyuzijoto 150 hadi 160 za Selsiasi, sekunde 10 hadi 15, ila fuata maelezo ya vinili uliyonunua, hata kwa jinsi ya kubandua ile plastiki ya juu inayobeba herufi: nyingine hutaka ikiwa moto, nyingine ikishapoa. Pasi ya makaa iache. Moto wake haulingani, na cheche ikiruka, mkoba ndio huo umekwenda.

Mshono mnene ni adui. Pasi hukaa juu yake, na herufi ya jirani haiguswi. Bandika kabla ya kushona. Kama mkoba umeshashonwa, ingiza kibao ndani, mshono uning'inie nje yake.

Kofia ya kutarizi kwa mkono usiibandike kitu, hata mteja akilipa mara mbili. Vile vitobo ndivyo vinavyopitisha upepo, na ndiyo kazi yenyewe.

Mwambie mteja asifue kabla ya saa 24 kupita, augeuze mkoba ndani nje, na pasi asiipitishe juu ya jina. Mie humwandikia kwenye kikaratasi nikakitia mfukoni mwa mkoba, maana wengi wakishapanda boti ya kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, hawarudi kuuliza.