Watu kumi, chupa nne za wiski: nimimine kiasi gani?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Niko Ilazo, Dodoma. Mwisho wa mwezi nataka kuwaalika marafiki tisa nyumbani, tuonje wiski kisha kila mtu ajitengenezee kokteli. Nina Jameson, Jack Daniel's, Johnnie Walker Black Label na Laphroaig aliyoniletea shemeji kutoka Uingereza. Mwaka jana nilijaribu, lakini hadi saa mbili usiku watu walikuwa wameshalewa na hakuna aliyekumbuka ipi ilikuwa ipi. Nimimine kiasi gani? Nianze na ipi? Barafu iwekwe au isiwekwe? Na vitu vya hapa kwetu vinafaa kwenye kokteli?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Nadhani kilichowaangusha mwaka jana ni kipimo. Mkono mtupu hauna kipimo, hasa mkono wa mwenyeji anayetaka wageni wafurahi.

Hesabu yako iwe hivi. Kwa kuonja, mililita 15 zinamtosha kila mtu kwa kila wiski, yaani kijiko kimoja kikubwa cha mezani. Kama huna kipimo cha toti, nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, au tumia kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi chenye mistari. Watu kumi watakula mililita 150 za kila chupa, na nyingi zitabaki. Kwa chupa nne kila mgeni atakuwa amekunywa mililita 60, na wiski ikiwa na nguvu ya asilimia 40, hapo kuna mililita 24 za kilevi halisi. Ongeza kokteli mbili zenye mililita 30 za wiski kila moja, unapata 24 nyingine. Jumla 48. Mwili wa mtu mzima huondoa takriban mililita 10 za kilevi halisi kwa saa, na wengine huenda taratibu zaidi ya hapo. Kwa hiyo hata karamu hii ya kipimo inahitaji kama saa tano mwilini. Anzeni saa kumi jioni watu wakiwa wameshakula, weka maji ya kunywa mezani muda wote, na panga mapema bajaji za kuwarudisha watu. Funguo za magari zilale kwako. Hapo sina mjadala.

Kabla ya yote, kagua chupa ulizonunua hapa nchini. Tangu mwaka 2019 vileo vinavyouzwa Tanzania hubandikwa stempu ya kielektroniki ya TRA, mamlaka ya mapato, na ipo programu ya simu ya Hakiki Stempu ya kuikagua. Pombe kali ya bandia inaweza kuwa na methanoli, na methanoli hupofusha na huua. Kifuniko kikionekana kimechezewa, iache dukani.

Sasa mpangilio: anza na laini, malizia na yenye moshi. Jameson iwe ya kwanza, maana imekenekwa (imechemshwa na mvuke wake kukusanywa) mara tatu na haichomi sana. Ifuate Jack Daniel's, inayotengenezwa kwa mahindi mengi na kukomazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Ndiyo maana inanukia vanila na sukari iliyoungua. Ya tatu Black Label, ambayo ndani yake kuna moshi kidogo. Laphroaig iwe ya mwisho bila majadiliano. Inatoka kisiwa cha Islay, Scotland, ambako kimea cha shayiri hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi uliokaushwa na kuchomwa kama kuni. Kimea tunakijua vizuri hapa Ugogoni, hata kama chetu ni cha mtama au uwele na hukaushwa juani. Waeleze wageni hivyo, wataelewa wiski ni nini kuliko ukiwasomea maandishi ya chupa. Niliwahi kuanza na ya moshi nyumbani kwa mtu mtaa wa Kisasa, na chupa tatu zilizofuata zikaonekana maji matupu. Ulimi ukishashika moshi hauachii haraka.

Zifunike chupa kwa karatasi ya kaki na uziandike namba 1 hadi 4. Majina mtayafunua mwishoni. Mtu akiona lebo, anaonja bei. Na msidanganywe na rangi, kwa sababu sheria ya wiski ya Scotland inaruhusu kuongeza rangi ya karameli. Umri ulioandikwa kwenye chupa, kama ile miaka 12 ya Black Label, ni wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo.

Glasi za divai zinatosha, na mji huu nyumba nyingi hazikosi. Umbo lake, pana tumboni na jembamba mdomoni, hukusanya harufu. Glasi mbili kwa kila mtu, zisuuzwe katikati. Upepo wetu una vumbi, kwa hiyo funika kila glasi kwa kisosi. Harufu nayo itabaki ndani. Jiko la nyama choma lisiwashwe mpaka kuonja kuishe, dawa ya mbu ya kuchoma vivyo hivyo, na waombe wageni wasijipulizie manukato mengi siku hiyo. Sehemu kubwa ya ladha ya wiski inapita puani. Wanuse mdomo ukiwa wazi kidogo, pua isizame ndani ya glasi, wapige funda dogo na kulizungusha mdomoni kabla ya kumeza.

Barafu wakati wa kuonja, hapana. Ubaridi hufunga harufu. Matone machache ya maji, ndiyo, baada ya funda la kwanza, kwa sababu hupunguza ukali na harufu nyingine hujitokeza. Ila yawe maji ya chupa. Maji yetu mengi yanatoka visima virefu vya Mzakwe na yana chumvichumvi, nayo chumvi hiyo utaisikia kwenye wiski na hata kwenye barafu. Kama ni msimu wa joto wa Oktoba au Novemba, chupa zikae chumba chenye ubaridi tangu asubuhi, la sivyo mvuke wa kilevi utawapiga puani kabla ya kingine chochote.

Baada ya mapumziko na chakula, njooni kwenye kokteli, na hapo barafu ni mfalme. Igandishe kwa maji ya chupa kwenye vibakuli, itoke mapande makubwa. Vipande vidogo huyeyuka upesi na kinywaji kinakuwa chepesi. Kanuni ya kazi ni moja: chenye maji ya matunda kitikise, chenye vileo vitupu kikoroge.

Vitu vya kwetu vinafaa kabisa. Ningekuwa wewe ningeegemea asali ya Singida. Chemsha maji na tangawizi iliyopondwa, chuja, yakishapoa kidogo changanya na asali kiasi kilekile. Kwa mtu mmoja: mililita 30 za Black Label, 15 za ndimu iliyokamuliwa saa hiyohiyo, 15 za shira hiyo. Tikisa na barafu kwa nguvu sekunde 15, kisha dondoshea juu kijiko kidogo cha Laphroaig. Huu ni mtindo wa kokteli iitwayo Penicillin, aliyoibuni Sam Ross huko New York mwaka 2005, na asali yetu inaibeba vizuri sana.

Ya pili ni Dodoma yenyewe. Kokteli iitwayo Manhattan hutaka vermuti tamu, ambayo ni divai iliyotiwa mitishamba na viungo. Chukua divai nyekundu tamu ya hapa, loweka humo karafuu mbili, kijiti cha mdalasini na ganda la chungwa usiku kucha kwenye friji, kisha chuja. Mililita 30 za Jack Daniel's kwa 15 za divai hiyo, koroga na barafu nusu dakika, mimina kwenye glasi baridi. Haitakuwa vermuti ya Italia, lakini zabibu zake zimelimwa hapa na mimi huipenda zaidi.

Asiyetaka hangaiko mpe Jameson mililita 30 na Stoney Tangawizi, barafu tele.

Kwa rafiki asiyekunywa, nenda soko la Majengo ukanunue ubuyu mweupe wa unga, siyo ule wa rangi na sukari. Vijiko viwili ndani ya glasi ya maji, piga mpaka ulainike, chuja, ongeza shira ileile ya tangawizi na asali, tikisa na barafu mpaka utoe povu. Umiminie kwenye glasi nzuri kama za wengine.