Kidonda cha ulimi na kipimo cha damu

Ndugu yangu, umeuliza kama kipimo cha damu kitakuondolea wasiwasi kwamba kidonda cha ulimi kilichodumu mwezi mzima ni saratani. Usikitegemee. Watafiti wanachunguza vipande vya DNA (chembe za urithi) ya uvimbe wa saratani vinavyozunguka katika damu, lakini saratani ikiwa changa huachia kidogo mno, na protini ya damu iitwayo antijeni ya SCC, inayopimwa kama ishara ya saratani ya aina hii, hupanda hata kwa magonjwa ya ngozi na figo. Majibu mazuri yanaweza kukutuliza bure huku ugonjwa ukiendelea. Kidonda kisichopona kwa wiki 3 kinahitaji daktari wa kinywa akate kinyama kidogo, kipimwe kwa hadubini. Kama unavuta sigara au unakunywa pombe, mwambie wazi. Tafadhali nenda wiki hii, hata kama hakiumi; saratani ya kinywa mwanzoni mara nyingi haina maumivu.