Mfungo Wako Hautalipa Deni la Ndugu Yako

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia. Amefunga siku 21, amekesha, na bado anaona kama Mungu amempa kisogo. Mwishoni akagusia, kama jambo dogo tu, kwamba hawasalimiani na kaka yake tangu mwaka juzi. Naijua hali hiyo, nimeishi nayo miaka minne.

Mama alipofariki, mimi ndiye niliyeshika daftari la rambirambi. Tulipoanua matanga, hesabu ikasomwa mbele ya ndugu, kilichobaki tukagawana mimi na mdogo wangu. Baada ya hapo simu yangu ikaendelea kupokea: binamu waliokuwa mbali, majirani wa zamani, wanakikundi wenzake mama. Jumla shilingi 340,000. Mwenye fremu ya duka alikuwa ananidai kodi, nikamlipa, nikajiambia nitarudisha mwisho wa mwezi. Mdogo wangu akapata fununu, akanipigia. Nikamjibu hakuna kilichoingia, tena nikamfokea kwa kunishuku.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa ibada kuliko wakati wowote. Mazoezi ya kwaya sikukosa, zaka nilitoa, mikesha ya Ijumaa nilikuwa wa kwanza kufika. Nilipoimba nililia, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Nilimpenda Yesu hata wakati ule. Ila nilimpa kila kitu isipokuwa kile alichokuwa ananidai.

Mfalme Sauli naye aliamriwa na Mungu asibakize kitu cha Waamaleki, adui zake vitani, akabakiza kondoo na ng'ombe wazuri, akasema ni wa kumtolea Bwana. Nabii Samweli akamwambia kutii ni bora kuliko dhabihu. Nilikuwa naisoma kama habari ya Sauli, hadi Jumapili moja mwaka jana iliposomwa Mathayo 5: iache sadaka yako mbele ya madhabahu, enenda kwanza ukapatane na ndugu yako. Nilikuwa kwenye foleni ya sadaka, bahasha mkononi. Kiganja kilitoka jasho hadi wino wa jina langu ukachafuka. Nikarudi kwenye benchi nayo. Watu walinitazama.

Safari ya Korogwe, kwa mdogo wangu, niliiahirisha Jumamosi tatu. Nilimkuta mdogo wangu uani, anachagua maharage kwenye ungo. Hakuinuka. Nikaweka pesa mkekani pamoja na karatasi yenye jina la kila aliyetuma na kiasi chake, maana kuleta pesa bila majina kungekuwa kuficha tena. Akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwa jirani mmoja aliyetuma elfu mbili, kidole kikasimama.

"Kumbe na huyu alimkumbuka mama."

Akalia. Pesa hakuigusa. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilimnyima mdogo wangu kitu kikubwa kuliko kodi ya fremu.

Wapendwa, Yesu hakusema tukimpenda tutamwimbia. Alisema, "Mkinipenda, mtazishika amri zangu." Una mtoto anayekuambia kila asubuhi anakupenda, ukimtuma maji haendi, utasemaje? Wapo watakaoniambia hiyo ni sheria, sisi tuko chini ya neema. Ni kweli, na Zakayo, yule mtoza ushuru, naye Yesu aliingia nyumbani mwake kabla hajarudisha hata senti moja. Lakini Zakayo alisimama mwenyewe akasema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Kwa hiyo tii. Ulichoambiwa unakijua, kifanye leo. Usingoje moyo ulainike kwanza, wangu haukulainika, nilipanda basi nao ukiwa mgumu vilevile.

Wala siahidi kwamba utapokelewa. Mdogo wangu mpaka leo hanipigii. Pasaka nilimtumia salamu, akajibu "Asante, dada," basi. Inaniuma sana. Ila nikipiga magoti sasa sina ninachomzungusha Mungu, na usiku nalala.

Dada uliyeniandikia, namba ya kaka yako unayo. Mpigie kabla hujapanga mfungo mwingine.