Umeme umekatika katikati ya kupandisha Debian

SWALI: Nilikuwa napandisha Debian (mfumo endeshi wa Linux) toleo la 11 kwenda 12, umeme ukakatika. Sasa apt, programu ya kusakinisha na kusasisha programu, inagoma. Nifomati diski?

JIBU: Usifomati. Kuna vifurushi (programu zilizofungashwa) vilivyofunguliwa bila kumaliziwa usanidi, basi. Ingia kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), andika dpkg --configure -a, kisha apt --fix-broken install, ndipo apt full-upgrade. Ukiulizwa kuhusu faili la usanidi ulilolihariri mwenyewe, bonyeza N libaki lako. Nafasi ikiisha, apt clean hufuta vifurushi vilivyopakuliwa; angalia pia nafasi ya /boot kwa df -h, maana kerneli (kiini cha mfumo) za zamani huijaza. Mwisho, kagua sources.list, orodha ya vyanzo vya vifurushi: mstari mmoja wa bullseye (Debian 11) uliosahaulika badala ya bookworm (Debian 12) huchanganya matoleo, na huo ndio mkorogo wenyewe.