Jibu: Visukuku vya baridi na vya joto kwenye Sibumasu

Salama mkuu. Umekwama hapa kwenye Sibumasu, kile kipande cha kale cha ganda la dunia: kisiwa cha Langkawi (Malaysia) na kusini mwa Thailand tabaka za mwanzo wa kipindi cha Permi (karibu miaka milioni 300 iliyopita) zina brakiopodi (wanyama wa baharini wenye magamba mawili) wa maji baridi, halafu juu yake inakuja chokaa yenye fusulini (viumbe vidogo vya seli moja vyenye gamba) wa bahari ya joto. Unauliza ni dunia iliyopata joto, au ni nchi yenyewe iliyohama?

Yote mawili yamo, ila kubwa zaidi ni kuhama. Kwanza hakikisha sampuli zako zote zimetoka bamba moja (kipande kimoja cha ganda la dunia). Upande wa Malaysia mpaka ni mshono wa Bentong-Raub, mahali mabamba mawili yalipoungana: magharibi yake ni Sibumasu, mashariki ni jamaa wa bamba la Indochina, ambako ndiko kwenye visukuku vya mimea ya joto ya akina Gigantopteris. Ukichanganya pande hizo, hutaelewa chochote.

Kisha uangalie mwamba, usitegemee kisukuku peke yake. Kwenye tabaka za Singa kule Langkawi kuna mawe yamekaa katikati ya tope laini. Chunguza chini ya jiwe uone jinsi matabaka yalivyobonyea. Lilidondoka kutoka kwenye barafu iliyokuwa ikielea! Wakati huo Sibumasu ilikuwa bado imeshikana na Gondwana, lile bara kuu la kale la kusini, jirani na Australia. Ikabanduka humohumo katika Permi, ikasogea kaskazini kwenye joto, na fusulini wakaingia. Kugongana na Indochina kulikuja katika Triasi, kipindi kilichofuata Permi.

Weka picha za hao fusulini, zenye kipimo pembeni, na utaje walitoka tabaka gani.