Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Kori 32 kwa Leseni ya Kori 4

SWALI: Assalaam alaikum, Mhariri. Ofisi yetu ndogo huchora mashua za faibaglasi, na kabla fundi hajaanza kutengeneza kalibu hutumia programu ya ANSYS Fluent kukadiria jinsi maji yatakavyopita chini ya chombo. Leseni yetu ni ya msingi, nayo inaruhusu kori 4 tu, yaani sehemu nne za prosesa zinazokokotoa kwa wakati mmoja. Muuzaji mmoja wa Mombasa anatushawishi tununue kompyuta ya kori 32 yenye kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) cha GB 64, akidai kwamba hesabu zitakwenda kasi mara nane. Je, tumwamini?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaikum salaam. Katika hilo msimwamini. Leseni yenu itaamsha kori 4, na zile 28 zitakaa bure kila mnapofanya hesabu, ingawa mtakuwa mmezilipia zote. Ili kuvuka mpaka huo hununuliwa leseni ya nyongeza iitwayo HPC Pack: moja huongeza kori 8, jumla zikawa 12, na mbili kwa pamoja huongeza kori 32, si 16 kama mtu angetarajia, jumla zikawa 36. Kwa hiyo mashine ya kori 32 inaanza kuwa na maana kwenu pale tu mtakapokuwa na nyongeza mbili.

Kinachonisumbua zaidi ni kile kipande kimoja cha RAM. Hesabu za mtiririko wa maji huchota data nyingi mno kutoka kwenye kumbukumbu, na mara nyingi kori husubiri data badala ya kukokotoa. Kipande kimoja cha RAM ya aina ya DDR4-3200 hutumia njia moja ya kupitisha data yenye uwezo wa GB 25.6 kwa sekunde. Vipande viwili vya GB 32, vikiwekwa katika nafasi ambazo kitabu cha ubao mama kinazielekeza, hutoa GB 51.2, yaani takriban GB 12.8 kwa kila kori kati ya zenu 4. Zigawe GB hizo 51.2 kwa kori 12 na kila moja itabaki na GB 4 na ushei, jambo ambalo litaifanya HPC Pack mliyoinunua kwa bei kubwa isionyeshe faida yake.

Ushauri wangu ni prosesa ya kori 6 au 8 zenye kasi kubwa, kwa kuwa kori zinazosalia zitahudumia mfumo wa kompyuta na kazi nyingine. Kama mna hakika ya kununua nyongeza hivi karibuni, tafuteni mashine yenye njia 4 za kumbukumbu au zaidi. Ukubwa wa GB 64 unatosha: kadirio la kawaida ni GB 1 hadi 2 kwa kila seli milioni moja za wavu, yaani vipande vidogo ambavyo programu hugawia eneo la maji ili kulikokotoa. Iwapo fedha ya nyongeza haipatikani kabisa, programu huria ya kukokotoa mtiririko iitwayo OpenFOAM haina mpaka wa kori wala ada ya leseni, ila hudai subira ya kujifunza, na hapo kori nyingi zingekuwa na kazi.

Jambo la mwisho: faili ya leseni kwa kawaida hufungwa kwenye anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, basi ikiwa leseni yenu iko ndani ya kompyuta ya zamani, ombeni ihamishwe kabla hamjaiuza.